Unadai au unadaiwa?



Leo tuachane kidogo na siasa, Bunge na bei ya mafuta. Nataka tuongee habari za saidia fundi. Siyo yule anayechanganya zege na kumpandishia fundi matofali, ingawa naye tutamhitaji kwenye mfano. Naongelea saidia fundi wa ndani ya kompyuta: vile vipande vidogo vya programu ambavyo kazi yao ni kupima neno lina herufi ngapi, kulikata likizidi, kukunja sentensi iende mstari wa pili, na kujazia nafasi ili safu zikae sawa. Wanaoandika programu wanaviita funksheni za huduma, na mara nyingi wanavirundika kwenye faili moja lenye jina la "utils". Hakuna anayevisifia. Nyumba ikiisha, anayepigwa picha ni fundi.

Mimi ni mwandishi wa habari, si mtaalamu wa kompyuta. Ila nimeshuhudia kipande kimoja cha namna hiyo, cha mstari mmoja tu, kikigeuza maana ya deni la mama mmoja hadi likawa fedha yake mwenyewe. Na ilitokea hapa hapa Kizota.

Kwa ambao hamjafika Dodoma: Kizota iko upande wa barabara ya kwenda Singida. Wengi mnaijua kwa ule ukumbi ambao CCM ilifanyia mikutano yake mikuu ya 2007 na 2012. Sisi tunaoishi huku tunaijua zaidi kwa maghala, malori na vumbi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana maghala yake huku, na pembeni kuna maghala ya watu binafsi. Msimu wa alizeti ukifika, magunia yanapanda na kushuka kutwa nzima.

Msimu uliopita nilikwenda kwenye ghala moja la mtu binafsi kufuatilia bei ya alizeti. Mezani kwa karani nikakuta laptopu ya zamani, kibodi imefutika herufi. Kwenye skrini hakuna picha, hakuna vitufe vya rangi, hakuna mausi. Ni weusi mtupu na maandishi ya kijani yamepangwa kwenye safu, kama zile kompyuta tulizokuwa tunaziona kwa mbali nyuma ya kioo cha benki tukiwa watoto. Karani, mzee wa makamo, anabonyeza F2, anaandika jina la mkulima, Enter, magunia, Enter, kilo, Enter, na printa ndogo inatema risiti. Macho yake hata hayatazami kibodi.

Nikamtafuta kijana aliyeitengeneza programu hiyo. Alisoma kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma, sasa anajitegemea. Nikamuuliza kwa nini kaacha mambo ya kisasa akarudi kwenye skrini nyeusi.

"Kaka, hii mashine haina nguvu," akaniambia. "Umeme ukikatika na kurudi, nataka mzee aendelee na kazi palepale, asisubiri. Na mausi humu ndani hazidumu. Vumbi la alizeti linaziua. Kibodi ukiigeuza ukaipigapiga inapona."

Nikaona ana hoja. Tena si yeye peke yake. Miaka ya karibuni programu za maandishi matupu zimerudi kwa kishindo, na maktaba mpya za kuzitengeneza zimezaliwa kwenye lugha nyingi: kuna Textual kwa Python, Bubble Tea kwa Go, Ratatui kwa Rust. Yeye alitumia ile ya kale inayokuja na Python yenyewe, inaitwa curses. Kwa Kiingereza neno hilo maana yake laana, lakini ni utani tu wa wataalamu. Limetokana na cursor, kile kialama kinachopepesa mahali unapoandika. Maktaba ya kwanza ya jina hilo iliandikwa na Ken Arnold, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, karibu na 1980, na moja ya programu za mwanzo kuitumia ulikuwa mchezo unaoitwa Rogue.

Skrini za namna hii kwa desturi zina nafasi 80 kwa upana. Mnajua 80 imetoka wapi? Mwaka 1928 kampuni ya IBM ilitoa kadi za karatasi za kutobolewa matundu, kila kadi ina safu 80. Skrini zilipokuja zikarithi. Ile VT100 ya kampuni ya Digital, iliyotoka 1978 na kuigwa na karibu kila mtu, ilikuwa na safu 80 na mistari 24. Kwa hiyo kadi ya karatasi ya mwaka 1928 bado inamwamulia karani wa Kizota jina la mkulima liwe refu kiasi gani. Risiti ndiyo finyu zaidi: printa ile inayotumia karatasi ya milimita 58 kwa kawaida inaingiza herufi 32 tu kwa mstari.

Sasa hapo ndipo saidia fundi wanapoingia. Nafasi ni finyu na maneno ni marefu, kwa hiyo lazima awepo wa kupima, wa kukata, wa kukunja na wa kujazia. Fundi akisema "nipe nusu tofali", saidia fundi anagonga, anampa nusu. Haulizi nusu ya kushoto au ya kulia. Kwa tofali haina shida. Kwa neno, wadau, shida ipo.

Haya sasa, sikilizeni kisa chenyewe.

Nilirudi pale Jumamosi moja. Nikiwa nimekaa kwenye benchi, akaingia mama mmoja wa makamo ametoka kijiji kimoja cha Bahi, kapanda basi alfajiri. Kitenge kisafi, risiti kaikunja kwenye leso.

"Habari za kazi, baba?"

"Nzuri mama, karibu. Za safari?"

"Nzuri. Nimefuata hela yangu."

"Hela gani tena, mama?"

"Si mmeandika wenyewe? Nadai elfu arobaini na sita."

Akatoa risiti. Imeandikwa waziwazi, jina lake, magunia 23, na mwisho wa mstari: Unadai 46,000. Karani akafungua daftari lake la karatasi, maana wazee hawaachi daftari. Kwenye daftari mambo ni kinyume. Mama aliweka magunia 23 akisubiri bei ipande, ada ya kuhifadhi ni shilingi 2,000 kwa gunia, jumla 46,000. Hadai. Anadaiwa.

Foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. "Mlipeni mama wa watu!" "Mnaandika wenyewe halafu mnaruka!" Mama hakupiga kelele. Alisema kitu kimoja tu, kwamba ameshachukua bati dukani kwa mkopo, akamwahidi mwenye duka kuwa Jumamosi jioni analeta hela. Bati ziko nyumbani, nyingine zimeshapigiliwa.

Kijana wa programu akaitwa. Akaja na bodaboda, akafungua laptopu, akasoma kimya kama dakika tano. Halafu akaniita nione. Safu ya mwisho kwenye jedwali ilipewa nafasi 6. Neno sahihi lilikuwa Unadaiwa, herufi 8. Saidia fundi akalipima, akaona limezidi, akakata mbili za mwisho. Kilichobaki ni Unadai.

Hebu lisome tena polepole. Mashine haikuharibu neno kuwa takataka ambayo mtu angeishtukia. Ilikata Kiswahili sahihi ikapata Kiswahili sahihi kingine, chenye maana ya kinyume kabisa. Hakuna nukta, hakuna alama, hakuna cha kukuonyesha kwamba hapa palikuwa na mkia.

Nafasi 6 zilitoka wapi? Kijana alianza na kielelezo cha programu ya stoo cha Kiingereza. Maneno ya safu ile kwa Kiingereza yalikuwa mawili tu, Due na Credit, na refu kuliko yote lina herufi 6. Aliyekitengeneza kielelezo alipima vizuri, kwa lugha yake. Kijana naye alitafsiri vizuri, kila neno liko sahihi. Kati ya wawili hao kulikuwa na saidia fundi ambaye hakuambiwa kwamba lugha imebadilika.

Mwenye ghala alikuwa muungwana. Akasema ada ikatwe siku mama akiuza, akampa na nauli ya kurudi. Ila mkopo wa bati ulibaki pale pale. Mama kabla ya kuondoka alimwangalia yule kijana, akamwambia kwa upole: "Mwanangu, hili neno mmelikata mkia. Ng'ombe ukimkata mkia, inzi atawafukuza na nini?"

Sentensi hiyo nimetembea nayo kichwani wiki nzima. Maana mama, bila kusomea isimu, alikuwa amegusa tabia ya lugha yetu. Kiswahili kinabeba mambo mazito mkiani. Kichwa cha kitenzi kinasema nani na lini. Mkia ndio unasema nani kamfanyia nani. Lipa na lipwa. Uza, uzwa na uzia. Tuma na tumiwa. Dai na daiwa. Ukiandika "Utalipa" na "Utalipwa" kwenye nafasi 6 zote zinakuwa "Utalip", na mkulima hajui ajiandae kutoa au kupokea. Ukiandika "Umetumia" na "Umetumiwa" kwenye nafasi 7 zote ni "Umetumi".

Kwa hiyo ile desturi ya kukata mwisho, ambayo imejaa kwenye maktaba hizi kila kona, kwetu inakata panapouma.

Nikamuuliza kijana, hakuna saidia fundi wengine wenye adabu zaidi? Wapo. Kwenye Python yenyewe kuna kifurushi kinaitwa textwrap, ndani yake kuna funksheni ya kufupisha ambayo haikati neno katikati. Inaondoa maneno mazima na kuweka mabano yenye nukta tatu. Ukiipa "Unadaiwa" na nafasi 6, inakurudishia mabano na nukta basi, neno lote halipo. Haisaidii sana, lakini walau haidanganyi. Mtu akiona nukta anauliza.

Yeye alikwenda mbali zaidi. Kwanza akaandika sheria: maneno ya hali ya fedha hayakatwi kabisa. Yakizidi nafasi, programu inagoma kuchapa na kumwambia karani. Pili, akaacha kutegemea mkia. Risiti sasa ina mstari mzima peke yake: GHALA LINAKUDAI Sh 46,000. Au: GHALA LITAKULIPA Sh 46,000. Mstari wa kwanza una herufi 25 na wa pili 26, zote zinaenea kwenye zile 32. Tofauti iko kwenye mzizi wa kitenzi, na hata wino ukififia mwishoni huwezi kuchanganya.

Baada ya hapo tukawa marafiki, nikawa napita jioni kumwona anavyowapitia saidia fundi wake mmoja mmoja. Nikagundua karibu wote walikuwa wanaongea Kiingereza chini kwa chini.

Chukua wa kukunja mistari. Huyu wa textwrap, usipomwambia vingine, akikutana na neno refu kuliko nafasi analivunja popote nafasi inapoishia. Kwa Kiingereza hutokea mara chache kwa sababu maneno yao ni mafupi. Sisi neno moja ni sentensi nzima. Kwenye safu ya nafasi 10 palikuwa na neno "hayajapokelewa", herufi 14. Likavunjika hivi: mstari wa kwanza "hayajapoke", mstari wa pili "lewa". Karani akauliza kwa sauti, "Humu ndani nani kalewa?" Ghala zima likacheka.

Dawa yake kwa Kiswahili ni rahisi mno, na hapa lugha yetu imebarikiwa. Silabi zetu nyingi zinaishia na irabu. Mwambie saidia fundi: vunja baada ya irabu tu, na weka kistari kuonyesha neno linaendelea. Unapata "hayajapo-" halafu "kelewa". Mistari michache tu ya programu. Haitakuwa kamilifu kwa maneno ya mkopo kama maktaba au daktari, lakini kwa ghala inatosha. Kiingereza wenyewe hawana raha hiyo, kuvunja maneno yao kunahitaji kanuni ndefu au kamusi.

Njoo kwa saidia fundi wa wingi. Kwenye vielelezo vingi vya Kiingereza yupo, na kazi yake ni moja: namba ikizidi moja, gandisha herufi "s" nyuma. Kijana aliposema aitafsiri akakwama. Wingi wetu uko mbele, na unaburuta sentensi nzima. Gunia 1 limepokelewa, magunia 23 yamepokelewa. Mfuko 1 umepokelewa, mifuko 12 imepokelewa. Kiroba 1 kimepokelewa, viroba 5 vimepokelewa. Hakuna herufi ya kugandisha hapo. Njia ambayo watu wa programu huria wanaitumia ni ile ya gettext: mfasiri anaandika sentensi mbili kamili, ya umoja na ya wingi, na mashine inachagua kwa namba. Kijana kafanya hivyo kwa kila kipimo, na kwa sifuri kaweka sentensi ya tatu: "Hakuna gunia lililopokelewa". Karani akasema sasa kompyuta imeenda shule.

Halafu saa. Hii naamini kila mmoja wenu ina kisa chake. Risiti ilikuwa inaandika "Njoo 08:00". Mkulima anasoma saa nane, anakuja saa nane mchana, karani kamngoja toka saa mbili asubuhi. Saidia fundi wa saa za Kiswahili ni hesabu ya darasa la tatu: chukua saa ya kompyuta, toa 6, ukipata sifuri au chini yake ongeza 12, ukipita 12 toa 12, kisha taja kipindi cha siku. 08:00 inakuwa saa 2:00 asubuhi. 13:00 inakuwa saa 7:00 mchana. Saa sita usiku ya kompyuta ni 00:00, toa 6, ongeza 12, unapata 6. Hesabu ndogo hivyo, na bado tumezoea kuambiana "saa nane ya Kizungu au ya Kiswahili?" kana kwamba mashine haiwezi kufundishwa.

Labda mtu anasema: haya ni mambo ya ghala moja la alizeti, sisi wa mjini tuna simu za kugusa. Ngoja kidogo.

Programu ya maandishi matupu inayotumiwa na watu wengi kuliko zote nchini si ya ghala la Kizota. Ni ile unayoipata ukibonyeza nyota 150, nyota, na tarakimu zinazofuata, halafu reli. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, mamilioni yetu tunatuma pesa, tunalipa umeme na kukopa kupitia menyu za maandishi. Chagua 1, chagua 4, weka namba ya siri. Hiyo ni skrini nyeusi ya taifa. Na inafanya kazi kwenye kitochi, bila intaneti.

Nayo ina ukuta wake. Ujumbe mmoja wa menyu hizo una baiti 160. Kila baiti ina biti 8, na alfabeti ya simu inatumia biti 7 kwa herufi, kwa hiyo ukigawanya unapata herufi 182. SMS ya kawaida ina baiti 140, ndiyo maana ina herufi 160. Ndani ya herufi 182 unatakiwa uweke swali, machaguo yote, kiasi, jina la mpokeaji na makato. Sentensi ya Kiingereza ikitosha kwa kubanabana, ya Kiswahili huenda isitoshe. Pale pale saidia fundi anaitwa: kata.

Na kuna mtego mwingine mdogo sana, una ukubwa wa kinyesi cha nzi. Alfabeti hiyo ya simu inaijua ritifaa iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi. Ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu za kuandikia nyaraka hujibadilishia zenyewe, haimo. Ukiandika Chang'ombe au Ng'hong'onha, kata zetu hizi za Dodoma, ukainakili na ritifaa iliyopinda, ujumbe mzima unalazimika kuhamia alfabeti nyingine inayotumia baiti mbili kwa kila herufi. SMS inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unagawanyika kuwa tatu, na mtumaji analipia tatu. Kisa ng'ombe! Saidia fundi wa kunyoosha ritifaa ni mstari mmoja wa programu. Wengine wanaona bora waifute kabisa, tunabaki na "Changombe", jina ambalo hakuna mtu wa Dodoma anayelitamka hivyo.

Kwenye nchi ambayo kila mtu ameshapokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", ujumbe mfupi wa fedha ni kitu cha hatari. Tunawafundisha wazazi wetu wasome kila neno kabla ya kubonyeza 1. Vizuri. Lakini tuwe na uhakika kwamba kila neno lipo.

Sasa hoja yangu, halafu niwaache.

Kiswahili kwenye kompyuta hakikuanza jana. Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa, na waliifanya wakati wengi wetu tulikuwa tunafungua anwani ya kwanza ya barua pepe kwenye intaneti kafe. Tangu hapo tumebishana sana kuhusu majina. Ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mausi au kipanya? Kiolesura ni neno zuri au linatia kizunguzungu? Mabishano hayo nayapenda, na mimi mwenyewe huwa nachangia kwa sauti kubwa.

Lakini nguvu zetu zote tumezimalizia kwenye nomino. Tunabadilisha vibao vya milangoni na kuwaacha saidia fundi ndani wapime kwa rula ya Kiingereza, wakunje kwa Kiingereza, wahesabu wingi kwa Kiingereza na watazame saa ya Kiingereza. Neno Unadaiwa lilikuwa Kiswahili fasaha. Hakuna mtaalamu wa lugha ambaye angelikosoa. Lilikuja kuharibiwa njiani kati ya kamusi na karatasi, mahali ambapo mtaalamu wa lugha hafiki na mtaalamu wa kompyuta hadhani kwamba kuna suala la lugha.

Na kati ya lugha zote, yetu ni rahisi kuihudumia. Kuna lugha ambazo herufi moja inachukua nafasi mbili kwenye skrini, kama Kichina na Kijapani, na ili kuzipima ilibidi watu kama Markus Kuhn wakae chini waandike funksheni maalumu ya upana, inaitwa wcwidth. Sisi herufi moja nafasi moja, silabi zinaishia na irabu, ngeli zina utaratibu. Kinachotakiwa ni mtu akae siku mbili tatu aandike kifurushi kidogo cha saidia fundi wa Kiswahili: apime, akunje kwa silabi, asikate vitenzi, ajue gunia na magunia, ajue saa mbili asubuhi, anyooshe ritifaa. Aliweke wazi kila mtu achukue bure. Yule kijana wa Kizota ameshaanza lake, kwa sababu alilazimika.

Ninyi mliopo vyuoni mnaohangaika kutafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, mada hiyo. Haina picha za kuvutia, na siku ya kuwasilisha mwalimu anaweza kukuuliza "ndiyo hii tu?" Mjibu ndiyo. Halafu mwombe aandike "Unadaiwa" kwenye nafasi 6.

Na sisi wengine, ambao hatuandiki programu, tuna kazi yetu. Ukipewa risiti au ukiona menyu yenye neno linaloishia ghafla, uliza. Ukiwa na mzazi kijijini anayepokea ujumbe wa mazao, wa bima au wa mkopo, mwambie akusomee kwa sauti jinsi ulivyo, herufi kwa herufi. Usisikilize kichwa cha kitenzi tu. Sikiliza unavyoishia.

Ni hayo tu kwa leo. Tuko pamoja.